Yenye Mkaa ni ya Kuku

Saa tatu usiku binti yangu alisukuma bakuli la uji, akageukia ukutani, akasema hataki. Ugali alikuwa ameukataa mchana. Wali aliuonja kijiko kimoja akautema. Chungwa lilimchoma koo mpaka akalia. Ana miaka saba, na siku za kawaida yeye ndiye wa kwanza kudai ukoko. Jumamosi ile alikuwa amejikunyata kwenye kochi tangu asubuhi, kajifunika kitenge cha mama yake, makamasi yanamtoka, macho yamelegea. Zahanati tulikwenda. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, tukaambiwa ni mafua na koo limevimba, apewe dawa ya kushusha homa, anywe vitu vya majimaji kwa wingi, na homa isiposhuka kwa siku mbili tumrudishe. Dawa alimeza. Chakula ndicho kilichoshindikana.

"Sasa mwanangu, unataka nikupikie nini?"

"Supu ya maua."

Nikakaa kimya. Supu ya maua ilikuwa ya babu yake, na babu yake tulimzika miaka miwili iliyopita.

Baba yangu alikuwa kijana wa Kilombero wakati reli ya TAZARA inajengwa. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, reli ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na yeye alikuwamo miongoni mwa maelfu waliobeba, wakachimba, wakapanga mataruma. Alianzia kambi ya Mang'ula. Baadaye walipelekwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwenye milima, mahandaki na madaraja, kipande ambacho hata uzeeni alikitaja kwa sauti ya chini. Huko alishikwa na homa siku ya mvua kama ile Jumamosi yetu, akalala kwenye turubai, na Mchina mmoja wa jikoni akamletea supu. Hawakuwa na lugha ya kuelewana. Baba alipopata nafuu alikwenda jikoni kwao akasimama mlangoni, yule bwana akamfanyia ishara aingie, akampikia tena polepole ili aone. Wachina walikuwa na bustani zao za mboga kambini, na kuku wao, kwa hiyo mayai yalikuwepo. Baba aliiita supu ya maua kwa sababu ya jinsi yai linavyochanua ndani ya maji. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba Wachina wenyewe huiita hivyohivyo, dan hua tang: supu ya maua ya yai.

Zaidi ya hiyo baba hakupika kitu. Mwanamume wa rika lake na wa kwao aliingia jikoni kuomba moto wa sigara tu. Lakini mtu akiugua nyumbani kwetu, awe mtoto, awe mama, awe mgeni, baba alikunja mikono ya shati, akavuta kigoda, akapika. Haikumchukua zaidi ya dakika kumi na tano. Na alipika kwa utulivu ambao sijauona kwake katika jambo jingine lolote, wala msikitini, wala shambani.

Mke wangu hakuwepo. Alikuwa Mlimba msibani, kwenye maziko ya shangazi yake, na simu za kule hupatikana kwa kubahatisha. Mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, alikuwa chumbani kwake amelala. Usiku wa kuamkia siku ile alikesha na mjukuu, anamfuta jasho, anamgeuza. Miguu inamsumbua na umri umekwenda. Niliona ni dhambi kumwamsha kwa ajili ya supu. Huo ndio uamuzi ulionigharimu, lakini hata leo simlaumu aliyeufanya, maana nia ilikuwa njema.

Supu ile nilikuwa nimeiona ikipikwa labda mara hamsini. Nilikumbuka nyanya moja na kipande cha tangawizi. Nilikumbuka uma ukigonga bakuli la bati, mlio wa haraka haraka ambao utotoni ulitosha kunifanya nijione nimeanza kupona. Nilikumbuka unga mweupe, kijiko kimoja, unaoifanya supu ishike kidogo isiwe maji matupu. Nilikumbuka yai likimiminwa kutoka juu. Nikaona yanatosha.

Kwenye trei yalibaki mayai manne.

Nikawasha gesi, nikabandika vikombe vitatu vya maji, nikatia nyanya iliyokatwakatwa, tangawizi na chumvi. Yalipotokota nikachota unga wa ngano nikaunyunyiza juu yake. Unga ukajikusanya papo hapo ukawa mabonge. Nikalibonyeza moja kwa mwiko ubavuni mwa sufuria: nje utelezi, ndani unga mkavu kama ulivyotoka kwenye mfuko. Sasa najua sababu yake. Unga mkavu ukikutana na maji ya moto, tabaka la nje huiva kwanza likawa gundi, na gundi hiyo huyazuia maji yasipenye ndani. Unaweza kuchemsha mpaka alfajiri, bonge litabaki bonge. Usiku ule nilidhani dawa yake ni kukoroga kwa nguvu, basi nikakoroga, na nikiwa katika kukoroga huko nikamimina mayai mawili. Maji yanatokota kwa fujo, mwiko unazunguka kwa fujo, yai halikupata hata nukta moja ya kutulia. Likasagika. Nikapata punje za kijivu zinazoelea kati ya mabonge, na ladha ya unga mbichi.

Nilimpelekea hivyohivyo, maana saa zilikuwa zinakwenda. Akachungulia bakulini muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayeogopa kuniumiza, "Baba, hii siyo."

Nikaosha sufuria nikaanza upya. Safari hii sikuweka unga kabisa. Mayai mawili ya mwisho nikayapiga vizuri mpaka kiini na ute vikawa kitu kimoja. Maji yalikuwa yameanza kutoa mvuke pale radi ilipopiga na umeme ukakatika mtaa mzima. Mtoto akaita. Nikaenda kwake, nikamshika mkono, nikatafuta simu nipate tochi, nikafunga dirisha ambalo mvua ilikuwa inaingilia, nikarudi jikoni labda baada ya dakika kumi. Jiko lilikuwa limezimika. Nikadhani ni upepo. Mvuke ulikuwa bado unapanda kidogo kwenye sufuria, nikaona maji ni ya moto bado, nikamimina mayai.

Hayakuganda. Yalizama, yakasambaa, na supu yote ikageuka rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai nyepesi. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, na kiini hufuatia hapo mbele kuelekea 70. Yai likikuta maji yaliyopoa chini ya hapo linayeyuka tu humo humo, halina cha kulishika. Nikageuza swichi ya jiko niwashe tena: ta, ta, ta, hakuna moto. Nikainua mtungi. Ulikuwa mwepesi kama debe tupu.

Basi nikaingia kwenye mkaa. Jiko la mkaa lipo kibarazani upande wa uani, chini ya bati, na mkaa wa Bibi umo kwenye gunia pembeni. Kuwasha mkaa wakati wa masika, na unyevu ule, ni kazi ya robo saa na machozi. Ulipokolea nikaipasha ile supu ya maziwa. Ikakatika. Maji yakakaa upande wake, chembechembe za yai upande wake, na harufu ya yai ikawa kali kuliko ya tangawizi. Nikamwonjesha kijiko kimoja. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakamtoka bila sauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuumia kweli. Mtoto mgonjwa hakudai soda wala biskuti. Amekuomba kitu kimoja, kitu ambacho babu yake alijifunza kukipika kwenye kambi ya reli, na wewe mwenye nyumba yenye bati na bomba umeshindwa.

Ilikuwa saa nne na nusu. Duka la jirani lilifungwa mvua ilipoanza. Mayai yameisha. Lakini palepale kibarazani, hatua nne kutoka nilipokuwa nimechuchumaa, kuku wa Bibi alikuwa amelala kwenye beseni kuukuu lililotandikwa nyasi kavu.

Nikaingiza mkono chini yake. Alinidonoa kwenye kifundo, akatoa ule mlio mrefu wa kukoroma wanaoutoa wakiwa kwenye mayai. Chini yake palikuwa na joto la ajabu, kama ndani ya kwapa la mtoto. Nikatoa matatu yaliyokuwa karibu. Kwenye mwanga wa simu niliona yana alama nyeusi ubavuni, nikadhani ni masizi yametoka mkononi mwangu. Nikayafuta moja moja kwa pindo la shati mpaka yakawa safi.

Sufuria ilikuwa tayari. Maji, nusu ya nyanya iliyobaki, tangawizi. Safari hii moto upo na maji yanachemka kweli. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa haraka, na bakuli la kupigia mayai lilikuwa bado lina ukoga wa yale ya mwanzo. Nikaona nisipoteze muda. Nikaligonga yai kwenye ukingo wa sufuria nikalifungulia juu ya supu.

Mwanga ulitua palepale. Kiini kilishuka kimezungukwa na wavu wa mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi za buibui, na katikati ya wavu palikuwa na kitu kidogo kilichojikunja, chenye doa jeusi. Lile doa lilikuwa jicho.

Nikaipua sufuria nikaiweka chini. Sikujua niiweke wapi. Nilibaki nimechuchumaa, mvua inapiga bati, na yule kuku bado analalamika gizani.

"Mwanangu, kuku wangu analilia nini?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kajitanda khanga, mkono mmoja ukutani. Alimulika sufuria. Alimulika mayai mawili yaliyokuwa juu ya kigoda. Akaokota moja, akaligeuza, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake.

"Umeyafuta?"

"Nilidhani ni masizi, mama."

Hakunikemea. Aliketi kwenye kigoda, akayaweka mayai yale mapajani, akayafunika kwa khanga yasipoe. Kisha akaniambia, taratibu, kama anavyomwambia mjukuu: "Yenye mkaa ni ya kuku. Yasiyo na mkaa ni yetu."

Jumatatu alikuwa amemlalisha kuku yule kwenye mayai tisa, na kila yai alilipiga alama ya mkaa. Kuku anayeatamia huinuka mara moja kwa siku, akala, akanywa, akajikung'uta vumbi. Na akishainuka, wenzake huja kutaga kwenye kiota kilekile kwa sababu wamekiona kina mayai. Usipoweka alama, baada ya siku tatu hujui lipi lina kifaranga na lipi ni la leo. Kwa hiyo kila jioni Bibi hupitisha mkono, akayaacha yenye mkaa, akachukua yasiyo na mkaa. Miaka yote nimekula mayai hayo kifungua kinywa na sikuwahi kuuliza yanachaguliwaje. Jioni ile hakupitisha mkono, kwa sababu alikuwa amelala na uchovu wa mjukuu. Mayai mawili ya siku hiyo yalikuwamo humo humo kiotani, upande wa pili wa beseni.

"Lete hiyo tochi yako," akasema.

Akakunja ngumi, akaacha tundu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaweka simu chini na yai juu. Yai likawaka ndani jekundu kama taa ya kandili. Ndani yake niliona buibui: kitone cheusi, na miguu yake imetandazwa pande zote. Bibi aliligeuza kidogo, na buibui akatikisika.

"Huyu mzima."

Akaliangalia na la pili. Nalo lilikuwa na buibui wake. Akaokota kipande cha mkaa kwenye gunia, akayachora upya, mstari mmoja na mwingine juu yake, akainuka kwa kujivuta, akamrudishia kuku wake huku akimwambia atulie, atulie, mama, yamerudi. Kuku anaweza kuondoka kwenye mayai robo saa na zaidi na yasidhurike, na haya yalikuwa nje muda mfupi. Nilitaka sana yawe hayajadhurika.

Aliporudi alikuwa na yale mawili yasiyo na alama. Akayatumbukiza kwenye kikombe kikubwa cha maji. Yakalala chini chali. Yai likikaa siku nyingi, unyevu wake hutoka taratibu kupitia ganda, nafasi ya hewa upande wa butu ikakua, na yai huanza kusimama wima majini. Likizidi kukaa huelea. Haya yalikuwa ya mchana uleule. Hata hivyo hakuyavunjia sufuriani. "Kila yai na kibakuli chake kwanza," alisema. "Ukishaliona ndiyo unalichanganya na mwenzake. Baba yako alianza kunifundisha hilo kabla ya kunifundisha supu."

Nikamwuliza kama supu yenyewe anaijua. Akanitazama kwa mshangao.

"Sasa unadhani alipokuwa safarini mlikuwa mnapikiwa na nani?"

Mkaa ulipokuwa unakolea tena, alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka 1974 alikuwa na mimba ya dada yetu mkubwa. Kwao mjamzito hakula yai. Wakunga walisema mtoto atazaliwa hana nywele, na mama mkwe wake, bibi yangu mzaa baba, alilisimamia hilo kwa macho yake mwenyewe. Kuku waliokuwa uani walikuwa wengi, na mayai yao yaliliwa na wanaume, wageni, au yaliuzwa stesheni. Yeye alikuwa mwembamba, anatapika kila kitu, anaona kizunguzungu akisimama. Baba akaja likizo kutoka kambini, akamwona, akatoka uani akachukua mayai mawili. Mama yake akamzuia mlangoni. Baba akamwambia, mama, kule kambini nilikuwa nakufa na hiki ndicho nilichopewa. Akapika. Akakaa mbele ya mke wake mpaka akamaliza bakuli. Alipika kila siku kwa siku zote kumi na nne za likizo yake, na nyumba nzima ilinuna.

"Na dada?" nikauliza.

"Dada yako alizaliwa na nywele zimefika masikioni. Mama mkwe wangu alizisuka yeye mwenyewe."

Miiko ya yai kwa wajawazito na watoto ilikuwepo katika jamii nyingi za kwetu, na bado haijaisha yote. Nayasema haya kwa uchungu. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, linatagwa mlangoni pako, halihitaji friji wala mchinjaji, na kwa miaka mingi lilipitishwa juu ya vichwa vya watu waliolihitaji kuliko wote. Baba hakuwa msomi wala mtu wa kubishana na wazee. Alivunja mwiko ule kwa bakuli, na mpaka anakufa hakuwahi kujisifu. Ningependa kila mwanamume mwenye mke na watoto awe na angalau sufuria moja anayoijua hivyo.

Bibi aliingia chumbani akatoka na bakuli lile lenyewe: la bati, jeupe, ukingo wa buluu, maua mekundu ubavuni, limebanduka rangi sehemu mbili. Nilidhani lilipotea. Akanipa uma akasema nipige mimi. Akachukua unga wa muhogo kwenye kopo, kijiko kimoja cha chakula, akaukoroga na maji baridi kwenye kikombe mpaka ukawa kama maziwa mazito, hauna hata bonge moja. Kumbe ndio uliokuwa ule unga mweupe, na ulikuwa unalowekwa kwanza. Wanga wa mahindi, ule wanaoita konifulawa, nao unafaa. Ngano huifanya supu iwe na ukungu.

Maji vikombe vitatu yalichemka na tangawizi iliyopondwa, chumvi, na nyanya aliyoitafuta kwenye kapu lake. Akaukoroga tena ule unga wa kikombeni, maana hutuama chini haraka, akaumimina kidogo kidogo huku mimi nikikoroga. Supu ikashika, ikawa na mng'ao. Uzito huo ndio unaolibeba yai lisizame wala kusambaa.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulikumbuka kabisa. Akachomoa makaa mawili kwa koleo, akayaweka kando. Mapovu yakapungua, yakabaki yanatetemeka ukingoni tu.

"Lisichemke kwa fujo, na lisipoe. Hapo."

Akazungusha upawa mara moja, akautoa. Supu ikaendelea kuzunguka yenyewe, polepole. Akaniambia niinue bakuli juu, kama shubiri mbili, nishikilie uma kwenye mdomo wa bakuli, yai lipite kati ya meno yake. Nikamimina. Lilishuka uzi mwembamba wa njano, likagusa supu, na pale lilipogusa likafunguka. Kila duara moja la maji lilichukua uzi na kuutandaza, ukawa utando mwororo, umepinda kingo, mwepesi kiasi kwamba niliona wekundu wa nyanya nyuma yake. Mkono wangu ukataka kukoroga. Bibi akaushika.

"Hesabu kumi."

Nikahesabu. Ndipo akapitisha upawa mara moja tu, chini juu, na maua yakapanda yote pamoja. Akakatia juu majani mawili ya kitunguu kutoka kwenye ndoo mbovu anayooteshea mlangoni.

Binti yangu alikuwa macho. Alisikia mlio wa uma kwenye bati kabla hajaona kitu, maana nilipoingia na bakuli alikuwa ameshakaa, amejitoa kwenye kitenge. Alipuliza, akanywa kijiko, akanywa cha pili, kisha akaliinua bakuli lenyewe kwa mikono miwili. Akaomba tena. Bibi alikaa naye upande mmoja wa kochi na mimi upande wa pili, mshumaa mezani, hakuna aliyezungumza. Alilala kabla ya saa sita, kichwa mapajani kwa bibi yake.

Sisemi supu ilimponya. Homa ilishuka Jumatatu kwa dawa na kwa siku zake. Lakini aliyeshindwa kumeza siku nzima alimeza, akapata maji, chumvi na mayai mawili tumboni, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Asubuhi mke wangu alipata mtandao. "Baba watoto, mtoto amekula?"

"Amekunywa supu ya maua. Mabakuli mawili."

Akanyamaza kidogo. "Nani kapika?"

"Mimi na mama."

Nikamsikia akishusha pumzi, kisha akaniomba nimpe vipimo vyake, kwa sababu kule msibani kulikuwa na mama mkwe wa marehemu ambaye hali chochote tangu maziko. Nikamsomea kwenye daftari la shule, maana nilikuwa nimeyaandika alfajiri ileile kabla sijalala: maji vikombe vitatu, tangawizi, nyanya, chumvi, unga wa muhogo kijiko kimoja uliolowekwa kwa maji baridi, punguza moto, mayai mawili, kila moja na kibakuli chake kwanza, zungusha mara moja, mimina kutoka juu, hesabu kumi. Jioni alinipigia kusema yule mama amekunywa.

Kile kilichotoka kwenye yai la kwanza nilikizika alfajiri chini ya mpapai. Bibi alinikuta pale na jembe, akasimama nami, hakusema kitu.

Kuku aliendelea kuatamia mayai manane. Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumatatu. Binti yangu alikataa kwenda shule mpaka aone, nikamruhusu achelewe. Vifaranga saba walitoka, wa mwisho saa nne asubuhi, bado amelowa. Yai la nane halikutoka. Bibi alisubiri siku mbili zaidi, kisha akalitikisa sikioni, akalivunja mbali na nyumba. Lilikuwa viza, na alama yake ya mkaa ilikuwa ile ya mistari miwili.